Hiyo Damu Si Hedhi Iliyorudi: Maswali Kuhusu Saratani ya Mlango wa Kizazi

Saratani hii huanzia wapi, na huletwa na nini?
Huanzia pale kizazi kinapofungukia ukeni. Karibu kila mara chanzo ni virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Aina ya 16 na ya 18 ya virusi hivyo pekee huleta takriban asilimia 70 ya saratani hii. Wengi huvipata, mwili ukaviondoa. Visipoondoka, saratani huchukua miaka 15 hadi 20 kujitokeza; kwa mwenye HIV asiyetumia dawa, 5 hadi 10. Hata mwanamke wa mume mmoja huipata, kwa hivyo tuache kunyoosheana vidole.

Hedhi yangu ilikoma miaka minne iliyopita, sasa imerudi. Ni kawaida?
La, mama. Ikishakoma mwaka mzima, hairudi. Hiyo ni damu ya kuchunguzwa, na uchunguzi ndio utakaosema kama ni saratani au la.

Januari moja, jua kali, mama kutoka Kayole, Nairobi, aliingia kliniki amefunga sweta kiunoni. Ndani alikuwa amekunja leso mara nne. Miezi minane akitokwa na damu! Muda huo wote alinunua kapsuli kwenye kemisti mara tatu, na hakuna aliyemlaza kitandani akamtazama.

Mimi hutokwa na damu kidogo tu, baada ya tendo la ndoa.
Kidogo hicho kinatosha kukuleta. Njoo wiki hii.

Lakini sisikii uchungu.
Ndiyo maana nakuhimiza uje sasa. Mwanzoni haiumi. Mgongo ukiuma na mguu ukivimba, mara nyingi imeshaenea. Usingoje uchungu. Narudia: usingoje uchungu.

Nikijisafisha ndani kwa siki au mitishamba?
Acha, tafadhali. Unaficha harufu ambayo ingekuleta kwetu. Siki ya kliniki haitibu: tunaipaka, tunangoja dakika moja, sehemu yenye kasoro inageuka nyeupe. Doa likionekana mapema huchomwa kwa joto au kugandishwa, na mara nyingi unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ukichelewa, ni mionzi, wiki nyingi za kupanda matatu kwenda na kurudi. Kwa aliyekoma hedhi tunatumia kipimo cha HPV au cha Pap (chembe za mlango wa kizazi huchukuliwa na kuangaliwa kwa darubini), maana siki haituonyeshi vizuri.

Nianze kupimwa lini?
Ukifika miaka 25, hata kama huna dalili yoyote. Ukiwa na HIV, mapema na mara kwa mara zaidi.

Na binti yangu?
Tangu 2019 serikali ya Kenya huwachanja wasichana dhidi ya HPV bila malipo, kuanzia miaka 10. Ukisikia kwamba chanjo hufunga kizazi, si kweli.

Nitakuja damu ikikauka, naona haya.
Hapana, dada. Njoo ikiwa inatoka. Usiioshe, usiipangie siku. Tuna glavu, shuka na maji ya moto, na hakuna atakayekushangaa.