Injini ilinyweshwa, ng'ombe hawakunyweshwa: mifugo ndani ya treni za mvuke za Marekani

Treni ya mvuke haifiki mbali bila maji. Kwenye reli za Marekani za karne ya 19, kila baada ya mwendo fulani palikuwa na tangi kubwa juu ya nguzo, na treni ilisimama hapo ijazwe. Nyuma ya injini hiyo huenda walikuwamo ng'ombe mia kadhaa wenye kiu ya tangu jana. Kituo hicho hakikuwafaa kitu. Hapakuwa na hori, na mlango wa behewa haukufunguliwa.

Nataka tulitazame jambo hili kwa jicho la daktari wa mifugo, kwa sababu mara nyingi watu wanaposimulia historia ya reli husifu mwendo, wakati kilichoamua hali ya mnyama kilikuwa saa alizofungiwa.

Biashara yenyewe ilianza kwa tofauti ya bei. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, Texas ilikuwa na mamilioni ya ng'ombe wasiokuwa na mnunuzi. Ng'ombe wa dola 4 kule kusini aliweza kufika dola 40 kwenye miji ya kaskazini. Mfanyabiashara Joseph McCoy alijenga mazizi Abilene, Kansas, kando ya reli, na tarehe 5 Septemba 1867 mabehewa 20 ya kwanza yakaondoka kuelekea Chicago. Ng'ombe walitembezwa kutoka Texas kwa wiki nyingi wakila majani njiani, kisha wakapakiwa. Huko Chicago walisubiriwa na Union Stock Yards, mnada na mazizi yaliyofunguliwa siku ya Krismasi ya 1865, na wengi waliuzwa hapo wakapakiwa tena kwenda miji ya mashariki.

Behewa la mifugo lilikuwa sanduku la mbao lenye kuta za mbao zilizoachana ili hewa ipite. Nguruwe na kondoo walipangwa kwa ghorofa mbili. Ng'ombe walisongamanishwa makusudi, maana aliyebanwa hayumbi sana. Ila akianguka, hainuki, wenzake humkanyaga. Wachungaji waliosafiri na treni walibeba fimbo ndefu, na treni iliposimama walipita kando ya mabehewa wakimchoma aliyelala ili asimame.

Na kuanguka kulikuwa kwepesi. Mabehewa yaliunganishwa kwa pete na pini za chuma zilizolegea, kwa hiyo injini ilipovuta, mshtuko ulipita behewa moja baada ya jingine hadi mwisho. Breki zilikazwa kwa mkono na wafanyakazi waliotembea juu ya mapaa. Breki ya hewa ya George Westinghouse ilikuwepo tangu 1869, lakini ilibidi ije sheria ya mwaka 1893 ndipo kampuni zilazimike kuweka breki hizo na viungo vya kujifunga vyenyewe. Sheria hiyo ilitungwa kuwanusuru wafanyakazi waliokuwa wakikatwa vidole na kupondwa. Ng'ombe walifaidika kando.

Sasa saa. Ng'ombe asiyekula wala kunywa hupoteza kwanza uzito wa tumbo: mavi na mkojo. Huo hurudi akila na kunywa. Muda ukirefuka, mwili huanza kupoteza maji yake na nyama yake, na hasara hiyo hairudi kwa ndoo moja. Tena mnyama aliyechoka na kuogopa humaliza sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli. Akichinjwa katika hali hiyo, nyama hutoka nyeusi, kavu, na huoza mapema. Ongeza damu iliyovilia mahali alipogongwa. Wachinjaji waliyaona haya yote kwenye mizoga. Lakini wapo wenye mifugo walioona faida katika kiu: ng'ombe aliyekaukiwa hunywa sana akifika, na maji hayo huingia kwenye mizani.

Mwaka 1873 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya saa 28: mnyama asikae ndani ya behewa zaidi ya muda huo bila kushushwa, kulishwa, kunyweshwa na kupumzishwa kwa angalau saa 5. Utekelezaji ulikuwa dhaifu. Mwaka 1906 ikaandikwa upya, faini ikawa dola 100 hadi 500, na mwenye mali akaruhusiwa kuomba kwa maandishi muda ufike saa 36. Kwa maoni yangu mlango huo uliachwa wazi mno. Behewa lenye chakula, maji na nafasi ya kupumzika lilisamehewa sharti la kushusha, na hapo wabunifu kama Alonzo Mather wa Chicago walishapata soko la mabehewa yenye mahori.

Kushusha nako kulikuwa na hatari yake. Ng'ombe wa Texas walionekana wazima, lakini kila walipopita, ng'ombe wa kaskazini walikufa. Mwaka 1893 watafiti Theobald Smith na Fred Kilborne walithibitisha kwamba ugonjwa ule, wa mkojo mwekundu, huenezwa na kupe. Kupe alidondoka zizini akataga, na vifaranga vyake vikawapanda wageni waliofuata. Wafugaji wa Afrika Mashariki wanaomjua kupe na ndigana hawahitaji kuelezwa zaidi kwa nini zizi la kupumzishia lazima litengwe na kusafishwa.

Gustavus Swift, mfanyabiashara wa nyama wa Chicago, aliliona tatizo la kusafirisha mifugo hai kwa upande wa hesabu. Karibu nusu ya ng'ombe ni ngozi, mifupa na matumbo. Kwa nini ayalipie nauli? Mwaka 1878 mhandisi Andrew Chase alimtengenezea behewa lenye barafu juu, hewa baridi ikishuka kwenye nyama iliyokwisha chinjwa Chicago. Kampuni kubwa za reli zilikataa kulibeba, kwa kuwa zilishatia fedha nyingi katika mabehewa na mazizi ya mifugo hai, hivyo akaenda kwa Grand Trunk, reli iliyopitia Kanada.

Baadaye malori yaliibeba kazi ya kusafirisha mifugo, na Union Stock Yards ikafungwa mwaka 1971. Sheria ya saa 28 bado ipo. Ni mwaka 2006 tu Wizara ya Kilimo ya Marekani ilipotangaza kwamba inayahusu malori pia.