Eneo la Fresnel: dishi zinaonana, mbona mtandao unakatika?

Fundi wa mtandao akipanda juu ya paa pale Mkokotoni, Unguja, akakiona ng'ambo kisiwa cha Tumbatu kweupe, bila mti wala nyumba katikati, huona kazi imekwisha: afunge dishi, alenge, ashuke. Lakini jicho halitoshi. Mawimbi ya redio yanataka nafasi juu, chini na kandokando ya ule mstari unaounganisha antena mbili. Nafasi hiyo ndiyo eneo la Fresnel, kwa jina la Augustin Fresnel (1788–1827), Mfaransa aliyechunguza jinsi mwanga unavyopinda kwenye kingo za vitu.

Umbo lake ni kama muhogo: mwembamba kwenye ncha zenye antena, mnene katikati. Unene hutegemea umbali kati ya antena na masafa ya redio, yaani mawimbi mangapi hupita kwa sekunde, yanayopimwa kwa gigahezi. Kwa kilomita 5 kwenye gigahezi 5.8, pale katikati ni kama mita 8 kutoka kwenye mstari hadi ukingoni. Kwenye gigahezi 2.4 hufika mita 12 na nusu. Mafundi huhakikisha angalau asilimia 60 ya kipimo hicho iko wazi, yaani karibu mita 5 kwa ile 5.8. Basi mnazi ulio katikati ya njia, kilele chake mita 2 chini ya mstari, tayari unakula mawimbi, ingawa macho yanapita juu yake bila taabu. Na minazi hukua.

Kwetu visiwani, minazi si tatizo kubwa kama bahari. Maji huakisi mawimbi, kwa hiyo antena ya ng'ambo hupokea mara mbili: yaliyokuja moja kwa moja, na yaliyogonga maji yakaruka. Haya ya pili hugeuka kinyume yanapogonga. Njia yao ikizidi kwa urefu wa wimbi moja kamili, yanakwenda kuyaua yale ya kwanza.

Tuseme dishi zote mbili ziko mita 15 juu ya maji yaliyokupwa, kilomita 5 kati yao. Njia ya kupitia majini inazidi kwa sentimita 9. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, maji yanajaa kwa kama mita 4. Dishi sasa ziko mita 11 tu juu ya maji, na tofauti imeshuka karibu sentimita 5. Urefu wa wimbi la gigahezi 5.8 ni sentimita 5.2. Hapo kiungo, yaani mawasiliano kati ya dishi mbili, kinazimia, maji yakitoka kinafufuka, na siku za maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu, hakisumbui mtu. Mteja analalamika, fundi anabadilisha waya. Afadhali angetazama kwanza jedwali la kupwa na kujaa.

Wengi hukimbilia kubadilisha chaneli, wakidhani ni redio za jirani. Redio za jirani zikiingilia, kelele (mawimbi yasiyo yako) hupanda ilhali nguvu ya mawimbi yako iko palepale. Kwa maji, nguvu yenyewe ndiyo inayoshuka, na kuruka chaneli moja mbili hakusaidii kitu.

Kinachosaidia ni kuweka dishi moja juu sana na nyingine chini, ili pale mawimbi yanapogonga pasogee upande wa ile ya chini, ikiwezekana paangukie kwenye mikoko au nchi kavu, ambako hayaruki vizuri. Pasipowezekana, hufungwa antena mbili za kupokelea kwa vimo tofauti: moja ikififia, nyingine inashika.

Kiungo cha kilomita 50, kiasi cha kuvuka kutoka Nungwi hadi Pemba, ni habari nyingine. Hapo mviringo wa dunia yenyewe huinuka kama mita 37 katikati ya njia, ukishahesabu kwamba hewa huyapinda mawimbi kidogo kuelekea chini, na kabla hujahesabu eneo la Fresnel.