Miaka bilioni nne na siku sita: tafadhali msikwangue vibao vyetu

Tangu tuanze kuhamasisha shule, kwaya na vikundi vya dini vitembelee maeneo ya malikale huku Nyanda za Juu Kusini wageni wameongezeka, tunashukuru sana, ila na malalamiko nayo yameongezeka na karibu yote yanahusu kitu kimoja, vibao. Mtu anasoma kibao kimeandikwa miaka laki mbili na zaidi, au mwongoza wageni anataja mabilioni, basi mzee wa kanisa ananuna, ustaadhi anawaambia watoto wapande gari tuondoke, na kuna kibao kimoja namba zote za miaka zimekwanguliwa kwa msumari, tena kwa ufundi kweli, maneno mengine yote yameachwa salama. Kwa hiyo nimeombwa niandike kidogo. Naandika kama mtaalamu wa malikale, sio mchungaji wala shehe, na ieleweke kwamba ofisi haina msimamo wowote juu ya imani ya mtu, ibara ya 19 ya Katiba, ile ya uhuru wa dini, ipo wazi na sisi tunaiheshimu.

Nianze na hili maana ndo mzizi wa kelele zote. Hakuna kibao chetu hata kimoja kinachosema Mungu hakuumba dunia. Vibao vinasema kitu hiki ni nini, kimetengenezwa na nini, kina umri gani unaokadiriwa. Nani aliyeanzisha yote na kwa nini, hilo swali haliko kwenye kibao kwa sababu hatuna kifaa cha kulipima.

Tuchukue Kimondo cha Mbozi, yaani kile kipande kikubwa cha chuma kilichoanguka kutoka angani, pale Ndolezi, ukitoka Mbeya unashika barabara ya Tunduma halafu unachepuka. Mtaalamu wa upimaji ardhi, W. H. Nott, ndiye aliyekitangaza kwa wanasayansi mwaka 1930 lakini wenyeji walikuwa wanakijua zamani sana. Ukikisogelea unaona chuma cha kahawia iliyokolea kimejaa vibonyeo kama vya kidole gumba, na sehemu moja ya kona utaona alama ya msumeno pale walipokata kipande cha uchunguzi. Uzito wake kwa makadirio yaliyozoeleka ni tani 12, wengine wanapandisha mpaka 16. Takriban asilimia 90 ni chuma, nikeli inakaribia 9, na mchanganyiko huo wa chuma na nikeli hauukuti kwenye mawe ya kawaida ya Mbozi. Hakuna shimo kubwa la kuangukia lililopatikana na hakuna aliyeandika siku kilipoanguka, kwa hiyo wale wanaosema babu yao alikiona kikishuka tunawaheshimu ila tunawaomba wapunguze.

Pale ndipo Waislamu wengi wananikumbusha Sura ya Al-Hadid aya ya 25, kwamba chuma kimeteremshwa. Mimi nawajibu, tafsiri ya aya mwachieni shehe, ila kwamba chuma hiki kimetoka juu hatubishani kabisa. Umeona? Anasimama mtu na aya yake na mimi na karatasi yangu ya maabara tunaangalia jiwe lilelile na hakuna aliyepigwa.

Ugomvi unaanzia kwenye umri. Na hapa niseme ukweli naishiwa uvumilivu kidogo, maana kila wiki naambiwa "nyie mnabahatisha kwa kaboni". Jamani, hakuna anayepima umri wa dunia kwa kaboni. Kaboni 14 inapungua nusu kila baada ya miaka kama 5,730, kwa hiyo ikifika miaka elfu hamsini hivi hakuna cha maana kilichobaki cha kupima, na hata hivyo inapima vilivyowahi kuwa hai, mkaa, mfupa, mbegu, sio kipande cha chuma cha angani. Umri wa dunia umepatikana kwa uraniamu inayogeuka kuwa risasi (madini ya risasi, sio ya bunduki), na ile uraniamu 238 inachukua karibu miaka bilioni 4.5 kupungua nusu. Ni kama ukikuta gunia la mahindi jikoni kwa mtu, unajua lilianza na debe sita na unajua wanakula kiasi gani kwa wiki, ukiona zimebaki debe mbili utajua lilifunguliwa lini bila kumuuliza mama mwenye nyumba (tofauti ni kwamba uraniamu inapungua nusu ya iliyobaki, sio kiasi kilekile kila wiki, ila wazo ni hilo). Mmarekani Clair Patterson alipima risasi iliyomo kwenye vimondo, kimojawapo kimondo cha chuma cha Canyon Diablo cha kule Arizona, na mwaka 1956 akatoa jibu la miaka bilioni 4.55. Leo tunasema 4.54. Miaka yote hii watu wamepima kwa njia nyingine, mawe mengine mpaka ya mwezini, na namba imegoma kuhama. Sasa mtu akiniambia nabahatisha nataka na yeye aniambie ni bahati gani hiyo inayorudia jibu lilelile.

Upande wa pili nao nauelewa. Mtu amelelewa na siku sita, amezisikia ibadani tangu hajui kusoma, halafu anakuja kwenye kibao cha serikali anakuta namba yenye sifuri tisa. Lazima ashtuke. Ila nimekuja kugundua kwamba wengi hawatetei Biblia, wanatetea hesabu ya askofu mmoja wa Ireland, James Ussher, ambaye mwaka 1650 alijumlisha umri wa mababu waliotajwa humo akasema dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Hiyo namba haimo kwenye maandiko, aliipiga yeye. Zaburi ya 90 inasema miaka elfu machoni pake ni kama siku ya jana ikiisha kupita, Petro amerudia jambo hilo kwenye waraka wake wa pili, Kurani kwenye Sura ya Al-Hajj inasema siku moja kwa Mola ni kama miaka elfu mnayoihesabu na kwenye Al-Maarij imetajwa siku ya miaka elfu hamsini. Sijasema aya hizi zinathibitisha bilioni 4.54, hazithibitishi, na wanaozilazimisha zifanye kazi hiyo wananichosha sawasawa na wale wa kaboni. Nasema tu kwamba maandiko yenyewe hayajambana Mungu kwenye saa ya ukutani.

Na hili sio jambo jipya lililoletwa na chuo kikuu. Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa kaskazini aliyezaliwa Algeria ya leo, miaka zaidi ya 1,600 iliyopita alishaandika kwamba siku za kitabu cha Mwanzo si lazima ziwe siku kama zetu, na akawaonya Wakristo wasiongee ovyo mambo ya anga na ardhi mbele ya wanaoyajua wakaifanya imani ichekwe. Al-Biruni, msomi Mwislamu wa karne ya 11, aliangalia mawe yaliyoviringwa na maji kwenye tambarare za India akasema hapa palikuwa bahari iliyojazwa na mashapo. Na yule aliyeleta wazo ambalo leo linaitwa mlipuko mkuu, yaani ulimwengu ulianza mdogo sana ukatanuka, alikuwa padre wa Kikatoliki, Mbelgiji Georges Lemaître. Padre kabisa, anasoma misa na anapiga hesabu za ulimwengu kutanuka. Kama kuna mtu anadhani lazima uchague moja, angeanza kumuuliza huyo.

Wapo pia waumini wanaoshika siku sita za saa 24 na hawataki kusikia mengine, ni haki yao, karibuni, getini hatufanyi mtihani wa imani.

Wenyeji wa Rungwe hawajawahi kuwa na shida hii, sijui kwa nini sisi wa mjini tunayo. Pale mto Kiwira kuna Daraja la Mungu, daraja la jiwe la asili, wanajiolojia wanaeleza kwamba lava, yaani mawe yaliyoyeyuka ya volkano, ilipita hapo ikapoa na maji yakapata njia chini yake. Hakuna aliyekuja ofisini kudai jina libadilishwe wala kudai lava ikanushwe. Mlima Kyejo ulimwaga lava mara ya mwisho kama miaka 200 iliyopita na hilo limejulikana kwa sehemu kubwa kutokana na simulizi za wazee, wanasayansi wakaliandika, kwa hiyo hii habari kwamba tunadharau ya wazee sio kweli. Mbeya yenyewe imekaa mahali matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana, la Rukwa, la Ziwa Nyasa na la Usangu, na ardhi bado inaachana milimita chache kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe, milimita 3 kwa mwaka ni kilomita 3 kwa miaka milioni moja. Ukitaka bonde hili lote lifunguke kwa miaka elfu sita itabidi ardhi ikimbie na nyumba zetu zisingekuwa zimesimama.

Niwageukie na vijana wetu wa vyuo, maana nao wanatuletea fujo, wanasimama Isimila, kule Iringa, mbele ya zana za mawe za miaka kama 260,000 wanawacheka akina mama wa kwaya kwamba sasa dini imekwisha. Imekwisha wapi? Shoka la mawe linakwambia mtu alikuwepo hapa akachonga, halikwambii aliumbwa au hakuumbwa na nani. Ukitaka kubishana hayo toka nje ya eneo kwanza, mwongoza wageni ana kazi.

Sasa utaratibu, na hapa naomba msome vizuri. Kikundi cha dini au shule kinachokuja kilete barua mapema ikionyesha idadi ya watu, jina la kiongozi na siku ya kuja, malipo ni kwa kontroo namba na unapewa risiti ya serikali, usimpe mtu hela mkononi hata kama amevaa kitambulisho. Ukitaka kuhubiri au kuswalisha ndani ya eneo sema kwenye barua, mara nyingi hakuna shida, shida ni spika kubwa. Ukiona maelezo ya kibao hayako sawa andika barua, taja kibao kipo wapi na sentensi gani, tutajibu kwa maandishi. Msumari sio barua.

Ukilima au ukichimba msingi ukakuta mfupa uliogeuka jiwe, zana ya mawe au kitu usichokielewa (na bonde la Rukwa na Songwe yametoa mabaki ya dinosaria, Rukwatitan alitangazwa mwaka 2014, kwa hiyo sio utani), acha kuchimba, usioshe, usipake mafuta ya upako wala mafuta ya kula, usivunje kuona ndani kuna nini. Piga picha ukiwa umeweka kalamu pembeni ili ukubwa uonekane, mwambie mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, yeye atamfikia afisa utamaduni wa wilaya, na yeye atatufikia sisi. Watafiti nao, hata wale waliotumwa na chuo cha biblia, wanahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na leseni ya kuchimba ya idara ya Mambo ya Kale, kimoja hakiondoi kingine. Kuharibu, kuhamisha au kuuza mali hizi ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kuna faini na kuna kifungo, na mahakama haikuulizi ulifanya kwa imani ipi.

Kuna watu wameniuliza kwa simu kama wanaweza kurudisha mashoka ya Isimila waliyochukua walipokuwa shule, yapo kwenye kabati la vyombo. Rudisheni, mpitie kwa afisa utamaduni, na mwandike pale mlipoyaokota kama mnakumbuka, hata kwa kukadiria upande gani wa korongo. Kuhusu kama mtasamehewa, hilo siwezi kuahidi kwa niaba ya sheria, ila mpaka sasa sijaona aliyepelekwa polisi kwa kurudisha.