Dakika 21 za Marguerite Perey

Kila asubuhi hospitalini nakamua teknesiamu, elementi yenye mionzi, kutoka kwenye molibdenamu inayoizaa, ili wagonjwa wapigwe picha za mifupa. Baada ya saa 6 nusu yake imeshakwisha, kwa hiyo nafanya kazi jicho likiwa kwenye saa. Ndiyo maana katika wanakemia wa Ufaransa ninayemheshimu kuliko wote ni Marguerite Perey.

Aliingia Taasisi ya Radiamu, Paris, mwaka 1929, akiwa na miaka 19 na cheti cha ufundi tu. Marie Curie akamkabidhi aktiniamu, elementi yenye mionzi, aisafishe. Ni kazi ya kuchosha, kwani aktiniamu inafanana mno na elementi ya lanthanamu na kuzitenganisha ni shida. Tena haitulii: ukimaliza tu kuisafisha, inaanza kuzaa elementi nyingine, na mionzi ya watoto inaifunika ya mama. Anayetaka kuiona yenyewe lazima awahi.

Perey aliwahi. Januari 1939 aliisafisha, akapima papo hapo, akaona mionzi ya beta ikipanda haraka mwanzoni kabisa. Hakuna zao la aktiniamu lililojulikana wakati ule lenye tabia hiyo. Alipopima muda wake wa kupungua nusu, akapata dakika 21.

Sasa, ni kitu gani? Kilikuwa kidogo mno, hakionekani wala hakipimiki kwenye mizani. Akatia chumvi ya sesiamu kwenye mmumunyo, kisha akaifanya igande iwe mashapo. Mashapo yalipozama, mionzi ile ikazama nayo. Kumbe ni ndugu wa sesiamu! Hatua hii naipenda kuliko zote. Elementi ya 87, iliyosubiriwa tangu enzi za Mendeleev, aliyepanga jedwali la elementi, ijaze nafasi iliyo chini ya sesiamu, ambayo wengine walidai kuipata wakakosea, ilikuwa imejificha humo: takriban atomi 1 kati ya 100 za aktiniamu hugeuka kuwa elementi hiyo. Baadaye akaiita fransiamu.

Wakati huo hakuwa na shahada hata moja. Udaktari wa Sorbonne aliupata mwaka 1946. Mwaka 1962 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Akademia ya Sayansi ya Ufaransa, ileile iliyomkataa Curie mwaka 1911.

Alitumaini fransiamu ingesaidia kutambua saratani. Saratani hiyohiyo ikamshika yeye, akaugua miaka mingi, akafariki mwaka 1975. Mimi nakamua nyuma ya kinga ya madini ya risasi, na kifuani nina beji inayohesabu mionzi ninayopokea.