Ndovu Anafuata Nini Pangoni? Siku ya Sayansi Mlima Elgon

Kabla basi halijatoka Kisumu, huwa nawaambia watoto wafungue ukurasa mpya wa daftari na waandike swali moja katikati yake: ndovu wa Mlima Elgon anafuata nini ndani ya pango lenye giza? Kisha nawaambia wasiniulize jibu mpaka jioni. Walimu wao nawaomba vivyo hivyo, hata wale wanaolijua.

Kazi yangu ni kuongoza makundi ya shule katika Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon, upande wa Trans Nzoia. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa sayansi darasani. Walimu wengi wa sekondari msingi, kutoka Nakuru, Kakamega na Kisumu, huniuliza ziara ya namna hii hupangwaje ili watoto warudi na sayansi, si na picha peke yake. Nimeona heri niandike kirefu mara moja.

Mwanzoni nilipanga siku kwa orodha. Mlima una mengi: volkano iliyozimika mamilioni ya miaka iliyopita, kilele cha Wagagai cha mita 4,321 upande wa Uganda, Koitoboss ya mita 4,222 upande wetu, mierezi, mianzi, mbega, nyati. Nilitaka watoto wapate kila kitu, nikawa nawagawia karatasi ya maswali 40. Siku moja nilitazama kundi zima limebanana mbele ya ubao wa maelezo, linanakili majina ya wanyama, na mbega watatu wanaruka kutoka tawi hadi tawi juu ya vichwa vyao. Hakuna aliyeinua macho. Msichana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, hii itakuja kwa mtihani?" Swali lile liliniuma sana, kwa sababu ni karatasi yangu iliyomfundisha kuuliza hivyo. Tangu siku hiyo ziara ina swali moja tu, na kila tunaposimama tunatafuta ushahidi wa swali hilo.

Nililichagua swali la ndovu kwa kuwa ukilifuata linakupitisha mlima mzima, kuanzia mawinguni hadi ndani ya jiwe.

Ushahidi wa kwanza unapatikana ndani ya basi. Barabara ya kwenda Kitale kupitia Kakamega na Webuye inapanda polepole, mtoto aliyeketi dirishani hajui kwamba anapanda mlima. Lakini Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Kitale karibu 1,900, na lango la Chorlim, tunapoingilia mbugani, limepita 2,000. Kila kikundi kinapewa pakiti moja ya krispi ambayo haifunguliwi, na rula. Wanapima unene wake Kisumu, wanapima tena Kakamega, Webuye na Kitale. Pakiti inavimba. Kufikia Kitale imekaza kama ngoma, na hapo ndipo kelele huanza, maana kila mtu ana maelezo yake. Wengi husema ni joto la basi. Basi tunatoka nje kwenye baridi ya Kitale na kuipima tena, na bado imevimba. Hewa iliyomo ndani ni ileile iliyofungiwa. Hewa ya nje ndiyo iliyopungua mgandamizo, kwa sababu tabaka la hewa lililo juu yetu limekuwa fupi kuliko lile la Kisumu.

Msipite hapa haraka. Pakiti ile ni mfano wa hewa inayotoka Ziwa Victoria. Hewa yenye unyevu inapofika kwenye mlima hulazimika kupanda, na inapopanda hutanuka kama ile pakiti. Hewa inayotanuka hupoa yenyewe. Watoto hawakubali jambo hili kwa maneno, kwa hiyo namwomba mmoja aweke kidole mbele ya valvu ya tairi la baiskeli lililojazwa upepo vizuri, kisha mwenzake aibonyeze. Upepo unaotoka ni baridi. Hewa ikipoa haiwezi kubeba mvuke wote iliokuwa nao, na mvuke ukigeuka matone tunapata mawingu yale tunayoyaona yamekaa juu ya Elgon karibu kila alasiri, na mvua inayofuata.

Kipimajoto nacho kina hadithi yake. Safari za kwanza nilikuwa nawaambia watoto wapime joto alfajiri kabla ya kuondoka, wapime tena langoni tukifika, waone jinsi mlima ulivyo na baridi. Tulipofika, namba ya langoni ilikuwa kubwa kuliko ya Kisumu. Mvulana mmoja akasema kwa heshima kabisa, "Mwalimu, mlima una joto kuliko kwetu." Alikuwa amesoma kipimajoto chake sawasawa. Kosa lilikuwa langu: nimelinganisha saa kumi na moja alfajiri na saa tano mchana, nikachanganya kupanda kwa mlima na kupanda kwa jua. Siku hizi kikundi kimoja cha darasa lao hubaki shuleni na kipimajoto cha aina ileile, kivulini, na wote husoma kwa wakati uleule. Wenzao hutuma namba kwa simu ya mwalimu. Kwa kawaida hewa hupoa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Siku nyingine tofauti tunayoipata ni kubwa zaidi au ndogo zaidi, kwa sababu kuna wingu upande mmoja na jua upande mwingine, na mjadala kuhusu tofauti hiyo mara nyingi huwafundisha zaidi kuliko namba iliyotoka sawa na kitabu.

Mambo ya mpangilio nitayataja kwa ufupi. Kutoka Kisumu laleni Kitale usiku mmoja. Kwenda na kurudi siku moja kunawachosha watoto kabla kazi haijaanza. Sweta, gambuti na koti la mvua si hiari. Msimu wa mvua ndefu njia za ndani huwa tope tupu. Malipo ya kuingia hufanywa kwa eCitizen, basi yamalizeni mapema mkiwa na mtandao mzuri. Vikundi viwe vya watoto 8, kila kimoja na mtu mzima wake, na hakuna hatua inayopigwa msituni bila askari wa wanyamapori mbele. Nyati wapo, na ndovu wapo. Vilele muwaachie watu wazima wenye siku kadhaa za kupanda.

Tukiwa ndani ya mbuga, mvua ndiyo inayotuvuta mbele. Hapa watoto wanakumbuka jaribio walilolifanya shuleni wiki moja kabla, na bila jaribio hilo nusu ya siku inapotea. Kateni chupa ya plastiki, geuzeni kichwa chini, wekeni kitambaa mdomoni, jazeni udongo wa shambani uliochanganywa na kijiko cha chumvi. Mwageni kikombe cha maji, kingeni yanayotoka chini. Rudieni mara tano, kila maji kwenye kisahani chake, na visahani vyote viachwe juani. Maji yakikauka, kisahani cha kwanza hubaki na utando mweupe mnene. Cha tano huwa karibu kitupu. Mvua imeosha udongo.

Sasa wako chini ya miti mirefu ya Elgon tiki na podo, ardhi imelowa, kuvumwani zinaning'inia matawini, na ninauliza: mvua hii imenyesha hapa kwa miaka mingapi? Hawahitaji kusukumwa. Wanasema wenyewe kwamba udongo huu ni kama kile kisahani cha tano.

Mtoto mmoja kutoka Nakuru aliwahi kuuliza jambo ambalo sikuwa nimelipanga: "Na chumvi yote hiyo iliyooshwa ilienda wapi?" Tulikaa chini kwenye majani tukachora ramani. Upande wa kusini maji ya mlima huingia mto Nzoia na kuishia Ziwa Victoria, ambalo lina njia ya kutokea, mto Nile. Upande wa kaskazini mto Suam hushuka na kuwa Turkwel, na Turkwel huingia Ziwa Turkana, ambalo halina mto unaotoka. Maji yanaingia, jua linayakausha, chumvi inabaki. Yule mtoto aliruka: "Kama ziwa letu!" Alikuwa sahihi. Ziwa Nakuru nalo halina pa kutokea, na ndiyo sababu lina magadi. Nimeifanya ramani hiyo kuwa sehemu ya kila ziara, na shule za Nakuru huwa zinanipa jibu kabla sijamaliza kuuliza.

Mimea haihitaji sodiamu nyingi, ile iliyomo kwenye chumvi. Mingi inaishi vizuri kwenye udongo uliooshwa namna hii. Mnyama hawezi: misuli na neva zake zinaitaka, na mtoto yeyote aliyewahi kuonja jasho lake anajua kwamba mwili una chumvi. Ndovu anakula zaidi ya kilo 100 za majani na magome kwa siku, lakini katika majani hayo chumvi ni kidogo mno. Hapa watoto wa wafugaji ndio huongoza darasa. Wanajua kwamba ng'ombe asipopewa chumvi ya mifugo hulamba ukuta, hulamba jembe, hutafuna nguo iliyoanikwa. Mwenye ng'ombe nyumbani huwa ameshalipata jibu la ukurasa ule, na ninamwomba alifunike kwa kiganja mpaka tufike.

Pango tunalolifikia, Kitum, limeingia ndani ya mlima kiasi cha mita 200. Si pango la mawe ya chokaa. Limechimbika ndani ya majivu ya volkano yaliyogandamana kuwa jiwe, na humo jiweni mna chumvi za sodiamu. Tunaanza kwa kunyamaza dakika tano mdomoni mwa pango. Kisha nawauliza wanaona nini ukutani. Wanaona michirizi, mingi, mingine juu kuliko mkono wa mwalimu mrefu kuliko wote. Wanapima kimo chake kutoka sakafuni na upana wake. Ni nani aliyechimba? Nimesikia jembe, nimesikia tingatinga, nimesikia maji. Maji wanayakataa wenyewe, kwani yangechimba kuelekea chini na mistari hii imekwenda kila upande. Tingatinga lingepitia wapi? Mwisho mtu hupima umbali wa pembe mbili za ndovu kwenye picha tuliyobeba, na kundi lote linaanza kupiga kelele tena.

Ndovu huja usiku. Huingia kwenye giza totoro wakipapasa njia kwa mkonga, huvunja ukuta kwa pembe, na jiwe husagwa kwa magego kisha kumezwa. Kizazi kimefuata kizazi, na pango limeendelea kupanuka. Wanadamu nao waliijua siri hii. Jamii za mlimani ziliishi mapangoni na mifugo yao, na zilibandua chumvi ya kuta kuwapa ng'ombe. Ninapowaambia hilo, watoto wa Kisabaot waliomo kundini hunyoosha mgongo, na mara nyingi mmoja wao ana babu aliyemsimulia.

Sasa jambo ambalo silegezi hata kidogo. Watoto wa shule siwapeleki ndani ya pango. Tunafanya kazi mdomoni, penye mwanga. Mwaka 1980 na tena 1987, watu waliougua Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, walikuwa wamezuru Kitum siku chache kabla, na wa pili alikuwa mvulana wa miaka 15. Virusi hivyo huishi katika popo walao matunda wanaolala mapangoni. Walimu wengine huniambia kwamba miaka mingi imepita na wageni wengi wameingia na kutoka salama. Najibu kwamba michirizi iliyo mlangoni inatosha kwa sayansi ya siku nzima. Hakuna anayegusa ukuta, hakuna anayelamba jiwe kujaribu kama lina chumvi (wapo wanaotaka), na wote wananawa kwa sabuni kabla ya kula. Wakati huohuo nawaeleza kwa nini popo hawa hawapaswi kuuawa: wanatawanya mbegu za miti ileile tuliyopita chini yake asubuhi. Mtoto wa miaka 13 anaweza kuyabeba mambo hayo mawili kwa pamoja.

Hatuondoki na jiwe, jani wala unyoya. Tunaondoka na chupa moja ya maji ya plastiki, iliyonywewa ikaisha na kufungwa kizibo kwa nguvu pale langoni, ikiwa imejaa hewa ya mlima. Iangalieni mkifika Kisumu. Itakuwa imebonyea kana kwamba mtu ameikaba.

Jioni, kabla ya kupanda basi, tunafungua ukurasa wa asubuhi. Kila kikundi kinaandika jibu lake kuanzia ziwani: hewa, mlima, mvua, udongo, majani, mwili wa ndovu, jiwe. Kundi la mwisho nililoongoza lilimaliza mapema, nikadhani tumefika mwisho. Kisha msichana aliyekuwa kimya siku nzima akasema, "Mwalimu, ndama anafuata mama yake pangoni. Mama naye alifuata mama yake. Sasa yule wa kwanza alijuaje kuna chumvi humo ndani?"

Mmoja alisema alisikia harufu. Mwingine akasema pango lilikuwa dogo, chumvi ilikuwa nje kwenye jua, ndovu wakaifuata kidogo kidogo wakiingia. Wa tatu akasema hapana, walianza nyati. Afande alitukumbusha saa, dereva akawasha injini, na nilipofunga mlango wa basi tayari walikuwa wamefungua ukurasa mwingine na kuliandika swali hilo katikati.