Muda wa Skrini: Yanayoaminiwa na Yaliyo Kweli

Dhana iliyoenea sana ni kwamba mwanga wa buluu wa simu na kompyuta huharibu macho, na kwamba miwani ya kuuchuja ndiyo kinga. Mwanga huo ni hafifu mno ukilinganishwa na ule tunaoupata juani kila siku, na chama cha madaktari wa macho cha Marekani hakipendekezi miwani hiyo kwa watumiaji wa kompyuta. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa kitabibu, yaliyokusanya majaribio 17, yalionyesha kuwa lenzi hizo huenda zisilete nafuu yoyote ya uchovu wa macho kwa muda mfupi zikilinganishwa na lenzi za kawaida. Macho huwasha kwa sababu nyepesi zaidi: mtu aliyetulia hupepesa kope takriban mara 15 kwa dakika, lakini akikodolea skrini hupepesa mara chache zaidi, machozi yanayolainisha jicho yakakauka, huku misuli inayolenga kitu cha karibu ikibaki imekazwa. Ndiyo maana ushauri wa kuangalia kitu kilicho umbali wa mita 6, kwa sekunde 20, kila baada ya dakika 20, hauhitaji kununua chochote.

Kuna pia wanaoamini kwamba wakishabadilisha skrini kuwa ya rangi ya machungwa wanaweza kuitumia hadi usingizi uwachukue. Ni kweli kwamba mwanga wa usiku hupunguza melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Hata hivyo, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2015, watu waliosoma kitabu kwenye kifaa chenye mwanga kwa saa 4 kabla ya kulala walichelewa kusinzia kwa takriban dakika 10 tu kuliko waliposoma kitabu cha karatasi. Mwizi mkubwa wa usingizi ni kile kinachotazamwa. Mtu hupanda kitandani saa nne usiku ajibu ujumbe mmoja; video inaisha, nyingine inaanza yenyewe kabla kidole hakijafika kwenye kitufe, na anaposhtuka ni saa sita na nusu. Rangi ya skrini haiwezi kuzirudisha saa hizo. Kuichaji simu chumba kingine na kuamshwa na saa ya kengele husaidia zaidi, ingawa nakiri kwamba siku za mwanzo mkono hupapasa kando ya mto ukitafuta kisichokuwepo.

Wengine hujipa moyo kwamba mazoezi hufuta madhara yote ya kukaa. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2016, uliohusisha watu zaidi ya milioni moja, ulionyesha kuwa dakika 60 hadi 75 za mazoezi ya wastani kwa siku ziliondoa ongezeko la hatari ya kifo linaloambatana na kukaa zaidi ya saa 8. Kwa waliotazama runinga saa 5 au zaidi kwa siku, hatari ilipungua lakini haikuisha. Isitoshe, ni wachache wanaofikisha dakika hizo.

Dhana ya mwisho ni kwamba kipo kikomo kimoja cha muda wa skrini kwa kila mtu, mara nyingi saa 2 kwa siku. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unahusu watoto walio chini ya miaka 5: mtoto wa chini ya mwaka mmoja asitazame skrini kabisa, wa mwaka mmoja haishauriwi, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Kwa watu wazima, mwongozo wa mwaka 2020 unahimiza kupunguza muda wa kukaa bila kutaja idadi ya saa. Kwa hiyo mtu mzima anayesoma ripoti ya matumizi kwenye simu yake asiishie kwenye jumla, kwani humo mna kazi, ramani na mazungumzo na wazazi walio mbali. Aangalie ni saa ngapi za jumla hiyo zilizotumika baada ya taa kuzimwa.