Je, wajua kwa nini kompyuta zikigoma, bima hulipa sehemu ndogo tu ya hasara?

Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike iliwatumia wateja wake sasisho dogo lenye kasoro. Kompyuta za Windows zilizolipokea zilizima, zikajaribu kuwaka, zikazima tena, zikabaki na skrini ya buluu. Saa 2:27 sasisho lilikuwa limeondolewa, dakika 78 tu baada ya kutumwa. Kwa hesabu ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 zilikuwa tayari zimeathirika, na nyingi zilitengenezwa kwa mkono, fundi akifuta faili moja bovu kwenye mashine hii, kisha akahamia ya pili.

Shirika la ndege la Delta la Marekani lilifuta safari zipatazo 7,000 ndani ya siku chache. Mkurugenzi wake mkuu, Ed Bastian, alitaja hasara ya dola milioni 500. Kampuni ya Parametrix, ambayo kazi yake ni kupima hatari za aina hii, ilikadiria kuwa kampuni 500 kubwa za Marekani, ukiiondoa Microsoft, zilipoteza dola bilioni 5.4, na kwamba bima ingebeba asilimia 10 hadi 20 tu ya hasara hiyo.

Kampuni hizo zina mawakili na madalali wa bima wa kutosha. Imekuwaje basi sehemu kubwa ya mzigo ikabaki mabegani mwao?

Tuanze na bima ya siku nyingi, ile ya kusimama kwa biashara, ambayo kwa kawaida huambatana na bima ya moto. Duka likiungua, bima ya moto hulipa jengo na bidhaa. Hii nyingine hulipa faida ambayo mwenye duka angeipata kama asingefunga, pamoja na gharama ambazo hazisimami, kama pango na mishahara. Sharti lake ni kwamba kitu cha kushikika kiwe kimeharibika, kama ukuta, paa au mashine. Siku ile ya Julai hakuna hata waya mmoja ulioungua. Kompyuta zilikuwa nzima, kosa lilikuwa katika maagizo yaliyomo ndani yake.

Pengo hilo ndilo linalojaribu kuzibwa na bima ya hatari za mtandao. Hapo napo inategemea umenunua nini. Mikataba mingine hulipa ikiwa mfumo umeangushwa na wadukuzi, na mingine huongeza kugoma kwa mfumo bila mkono wa adui. Tukio la CrowdStrike halikuwa shambulio, lilikuwa kosa la wenye kulinda. Aliyenunua kinga ya wadukuzi peke yake hakuwa na cha kudai, hata kama kaunta zake zote zilikuwa kimya. Halafu kuna swali la mfumo wa nani umegoma. Ukiwa wako, kikomo cha fidia kinaweza kuwa kikubwa. Ukiwa wa kampuni nyingine unayoitegemea, mara nyingi kikomo hushushwa.

Lakini kipengele kinachokata fedha nyingi kimyakimya ni saa za kungoja. Mikataba mingi huweka saa 8 hadi 12 za mfumo kuwa chini kabla bima haijaanza kufanya kazi. Chukua mfano wa duka la jumla ambalo mfumo wake wa stoo na malipo umezima saa 3 asubuhi. Wateja wanaambiwa "mtandao unasumbua", wanasubiri kidogo, wanavuka barabara kwenda kwa jirani. Saa 10 jioni mfumo unarudi. Zimepita saa 7, mauzo ya siku nzima yamekwenda, na mwenye mkataba wa saa 8 hapati hata shilingi.

Tuseme mfumo umerudi saa 4 usiku. Sasa zimepita saa 13. Mkataba wa aina moja utasema: saa 8 za mwanzo ni zako, tunalipa 5 zilizobaki, yaani kuanzia saa 11 jioni, wakati duka linajiandaa kufunga. Wa aina nyingine utasema: ukishavuka saa 8, tunahesabu tangu dakika ya kwanza. Tofauti ni ya sentensi moja kwenye karatasi, na inaweza kuwa mauzo ya siku nzima. Nawasihi wafanyabiashara waitafute sentensi hiyo kabla hawajaweka saini.

Ukali huu una sababu yake. Bima husimama juu ya jambo moja: maduka hayaungui yote siku moja, hivyo ada za wengi humfidia mmoja. Sasisho bovu huvunja hesabu hiyo, kwa sababu hospitali, benki na viwanja vya ndege vya mabara tofauti hugonga mlango wa bima asubuhi ileile. Hata kampuni za bima mtawanyo, zinazozikatia bima kampuni za bima, huogopa mrundikano wa namna hiyo. Saa za kungoja na vikomo vya chini ndiyo breki zao.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki kuna breki nyingine inayouma zaidi. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Mikataba ya bima ya mtandao kwa kawaida haifidii hasara itokanayo na kukatika kwa miundombinu ya umma: umeme, nyaya za mawasiliano, satelaiti. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam anaweza kuwa amelipia bima nzuri kabisa na bado akakosa fidia kwa siku aliyoumia kuliko zote. Kwa maoni yangu, hapa kwetu kifungu hicho ndicho cha kusomwa kwanza.

Ipo bima ya namna nyingine, ambayo hailipi kwa kukagua vitabu vya hesabu. Vipimo hufuatilia huduma iliyotajwa kwenye mkataba, na ikikatika kupita saa mlizokubaliana, kiasi kilichopangwa hulipwa. Wafugaji wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, walianza kuuziwa bima ya mtindo huo mwaka 2010: satelaiti hupima ukijani wa malisho, na ukishuka chini ya kiwango, mfugaji hulipwa bila mtu kuja kuhesabu mizoga.